Naomba ushauri: Datsun 120Y imeunguza gasketi ya kichwa, nitengeneze au niweke injini nyingine?

Kijana wa Lanet
Habari zenu wadau. Nina Datsun 120Y ya mwaka 1976, na kwa sasa inaninyima usingizi. Nilikuwa natoka Eldoret kurudi Nakuru. Kwenye mlima wa kuelekea Timboroa sindano ya joto ikapanda, moshi mweupe ukajaa nyuma, nguvu zikaisha. Makanika amefungua na kukuta gasketi ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imeungua. Anasema kuitengeneza ni kutupa pesa, bora aniwekee injini ya Toyota 5K aliyo nayo. Swali langu ni moja tu: 5K itaingia bila kukata bodi sana? Nijibuni upesi, jamaa anasubiri.

Spana13
Pole ndugu. Gasketi kuungua si kifo cha injini. Hiyo injini yako ya A12 ni ya cc 1171, bloku ni chuma na kichwa ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo gari ikichemka sana kichwa ndicho hupinda. Je, kimepelekwa kupimwa? Kama hakijapimwa, huyo makanika amejuaje kwamba injini imekwisha?

Mama Wawili Kisumu
Mimi mambo ya injini siyajui, lakini gari hilo nalijua. Mume wangu alikuwa nalo. Kila Jumapili tulibeba nalo nguo kwenda kuuza Kibuye, na kila Jumapili nilishuka kusukuma. Siku aliyoliuza nilipika kuku. Kijana, uza hilo gari, nunua Probox, uanze maisha.

Mwalimu wa Njoro
Mtu asisahau mwinuko wa mahali. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni presha, na presha inashikiliwa na kifuniko. Ule mpira wa kifuniko ukiisha, gari itatembea vizuri kabisa hapa mjini halafu ikuaibishe mlimani. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo, lakini watu hununua injini nzima bila kukiangalia.

Dereva wa Ziwani
Datsun inawekewa moyo wa Toyota? Mwaka 1970 Edgar Herrmann alichukua Safari Rally na Datsun 1600 SSS, na 1971 akarudi akachukua tena na 240Z. Marehemu baba alitubeba kwenda barabarani kuyaona magari yakipita, tukarudi nyumbani tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Ndugu yangu, usifanye hivyo.

Mzee wa Kabureta
Kama ni lazima ubadilishe, tafuta A14 au A15 za Nissan Vanette za zamani. Ni ukoo mmoja na A12, hutahangaika na giaboksi. Lakini ujue, ukiweka injini nyingine namba yake lazima ibadilishwe kwenye logbook, kile kitabu cha umiliki, kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri, na mwenye gari ndiye anayeomba. Logbook iko kwa jina la nani?

Kijana wa Lanet
Asante mzee. Mambo ya logbook tutayaangalia baadaye. Mimi nauliza maunti za 5K, vile vishikizo vya injini, nani amewahi kuziweka?

Spana13
Jibu swali la mzee kwanza.

Kijana wa Lanet
Sawa. Ni ya baba. Yuko Molo, na alinipa niende nayo harusini Eldoret. Nimemwambia iko Nakuru inatengenezwa breki. Dipoziti ya 5K nimeshatoa, shilingi 20,000.

Lakini jamani mnielewe. Hiyo gari ndiyo inampeleka mzee kanisani, na ndiyo inampeleka kliniki ya sukari. Yeye anataka iwake asubuhi, basi. Injini ya A12 spea zake natafuta mpaka nachoka, 5K spea ziko kila duka. Nikimrudishia gari yenye nguvu kuliko aliyonipa, nimemkosea wapi?

Mama Wawili Kisumu
Umemkosea kwa hizo breki. Mzee wa sukari usimfiche kitu, siku akijua kupitia kwa watu presha itapanda. Mpigie simu leo. Na ile Probox nimeifuta, gari la mzee haliuzwi.

Mzee wa Kabureta
Fikiria polisi wakimsimamisha pale Salgaa, wafungue boneti, wakute namba ya injini haifanani na logbook. Atawaeleza nini, na yeye mwenyewe hajui? Hapo ndipo umkoseapo.

Macho Mawili
Wadau mnadanganywa. Hii ni hekaya. Mara gari ni yake, mara ni ya baba mgonjwa. Subirini kidogo, namba ya kutuma pesa inakuja. Halafu gari iliyoungua gasketi Timboroa ilifikaje Nakuru, ilipaa? Na mbona hasemi hata ni silinda gani?

Kijana wa Lanet
Sijaomba shilingi ya mtu hapa, na sitaomba. Ilivutwa kwa kamba na kenta ya viazi hadi Nakuru, mimi nikiwa kwenye usukani.

Gasketi ninayo mkononi sasa hivi. Kati ya silinda ya pili na ya tatu ule ukanda mwembamba umeliwa, umebaki mfereji mweusi, ukipitisha ukucha unazama. Plagi ya tatu ilitoka safi kabisa, haina hata doa, za kwanza na nne zina masizi. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Kama hayo nimeyatunga, basi nimekaa gerejini nikanusa oili bure.

Spana13
Huyo hadanganyi. Plagi iliyooshwa ina maana maji yalikuwa yanaingia silinda ya tatu, na ukanda huo wa katikati ndio huungua mara nyingi.

Sasa sikiliza. Chukua kichwa wewe mwenyewe, upeleke kwa watu wa mashine. Wakikague nyufa, hasa kati ya vali. Waweke rula ya chuma iliyonyooka, urefu, upana na pembe kwa pembe, wapitishe fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Ikipita zaidi ya milimita 0.1, kiskimiwe, yaani kinyooshwe kwa mashine. Usikubali makanika akisugue kwa msasa mkononi. Bloku nayo ipimwe hivyohivyo. Matundu ya bolti yakaushwe, maana maji au oili ikibaki chini bolti hubana uongo, na bloku inaweza kupasuka. Gasketi iwe mpya na iwekwe kavu, bila silikoni. Bolti zikazwe kwa toki, spana inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Halafu tepeti, nafasi za vali, zirekebishwe. Oili yote imwagwe, iliyochanganyika na maji hula bearingi.

Macho Mawili
Sawa, hizo plagi zimenifunga mdomo. Lakini hiyo 20,000 rudi uidai.

Kijana wa Lanet
Nimetoka kwa watu wa mashine, Industrial Area. Hakuna ufa. Kimepinda katikati, fila ya 0.15 imepita. Watakiskimu. Makanika amekasirika, anasema dipoziti hairudi kwa sababu alikataa mteja mwingine wa 5K.

Mzee wa Kabureta
Usigombane naye kama bado unamhitaji. Mwambie hiyo pesa aihesabu kama gasketi, oili na kazi ya kufunga, kikibaki kitu akupe kifuniko na mipira ya rejeta. Akikataa, hamisha gari. Mzee wako je?

Kijana wa Lanet
Nampigia jioni akimaliza kukama.

Spana13
Vizuri. Ukiongea naye muulize mambo mawili: rejeta ilisafishwa lini, na kama themostati, ile vali ya kuongoza joto la maji, iko ndani au kuna fundi aliyeitoa. Usimimine maji kabla hujapata majibu hayo.