Naoto Fukasawa: ni kazi ipi hasa iliyomtenga na wenzake?

Mwanagenzi:
Ndugu zangu, salaam. Ninasomea usanifu wa bidhaa na ninafuatilia kazi za Naoto Fukasawa, Mjapani aliyezaliwa Kofu mwaka 1956. Alihitimu Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tama mwaka 1980, akaajiriwa Seiko Epson, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya elektroniki, na mwaka 1989 akahamia San Francisco. Hadi hapo alikuwa mwajiriwa kama wengine. Ni kitu gani kilichompandisha?

Seremala wa Keko:
Ni ile deki ya CD ya kutundikwa ukutani, aliyoibuni mwaka 1999 na ambayo Muji, kampuni ya Kijapani ya maduka ya bidhaa za nyumbani, walianza kuiuza mwaka uliofuata. Itazame vizuri: ni kisanduku cheupe kisicho na kifuniko, CD ikiwa wazi kifuani, na chini yake unaning'inia waya wa umeme. Ukiuvuta waya huo, CD huanza kuzunguka kama pangaboi na muziki ukatoka. Wajapani walikwisha kuzoea kuwasha feni za kutolea hewa kwa kuvuta kamba, kwa hiyo mkono ulijua la kufanya kabla hata mtu hajafikiri. Kila ninapoitazama picha yake hunijia hamu ya kuuvuta ule waya.

Bi Mshauri:
Nakubaliana nawe, Ndugu Seremala, ila ile miaka ya ajira tusiipite juu juu. Mwaka 1996 alirudi Tokyo kuongoza ofisi ya IDEO, kampuni ya usanifu, na humo ndimo alimoendesha warsha zilizozaa deki hiyo. Ofisi yenye jina lake aliifungua mwaka 2003 tu, na mwaka huohuo ikatoka simu yake ya mkononi iitwayo INFOBAR, yenye vitufe vipana vilivyopangwa kama vigae. Kiti chake cha Hiroshima, alichowabunia Maruni, watengenezaji wa samani za mbao, kilifuata mwaka 2008.

Mwanagenzi:
Nashukuru, Bi Mshauri. Je, sisi tusio na kiwanda tuanzie wapi kujifunza namna yake ya kutazama?

Bi Mshauri:
Anza na mfano wake wa mwavuli, mwanangu. Alitambua kwamba mtu akiingia ndani na mwavuli uliolowa, huuegemeza ukutani na kutafuta mfuo kati ya vigae ili ncha yake isiteleze. Badala ya kubuni kinara cha kuwekea miavuli, akapendekeza mfereji mwembamba uchongwe sakafuni, sambamba na ukuta. Mvua ikinyesha, simama karibu na mlango wa chuo chenu, utazame watu wanavyoiweka miavuli yao.