Naomba ushauri: tumpongezeje opereta wa katikati aliyepokezana ujumbe kwa redio ya ridhaa?

Mwanaridhaa wa Greensboro

Wakuu salaam, na wazee wangu shikamooni.

Mimi ni mtu wa Moshi, naishi Greensboro, North Carolina, na nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya watu binafsi wanaowasiliana bila biashara. Klabu yetu imenikabidhi kazi ya kuandika mapendekezo ya namna ya kuwapongeza waliopokezana ujumbe wakati wa kimbunga Helene. Nimekusanya maoni ya wanachama, nimeyasoma, na sijaridhika nayo. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Kwa ambaye hakufuatilia: Helene ilitua Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024, na kesho yake maji yakaporomoka kwenye milima ya magharibi ya jimbo letu. Barabara kuu ya I-40 ilimegwa na mto. Asheville walikaa bila maji salama ya bomba mpaka katikati ya Novemba. Umeme, simu na intaneti vilikatika kwa pamoja sehemu nyingi, na North Carolina peke yake walifariki watu zaidi ya 100. Ripita ya wanaridhaa (kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena yafike mbali) iliyoko Mount Mitchell, mlima wa mita 2,037, iliendelea kufanya kazi kwenye masafa ya 145.190 MHz, na watu walio vijijini wakaitumia kueleza nani yuko hai, nani dawa zimemwishia, daraja gani limeondoka.

Nieleze ujumbe mmoja, maana huo ndio unaonikosesha raha. Kijana mmoja Mkongomani anayefanya kazi karibu na Spruce Pine, huko milimani, alikwenda kwa jirani yake mwenye redio, akaomba mama yake aliyeko Greensboro apate habari. Jirani akachukua fomu ya radiogramu (ujumbe mfupi wa maandishi unaosomwa redioni), akaandika kama kijana alivyomtajia, herufi kwa herufi:

TUKO BAZIMA BOTE X MAJI YA KUNYWA IKO X MUSIKUYE BARABARA ILIKATIKA

Ni maneno 12 ukihesabu na zile X mbili zinazokaa mahali pa nukta. Ujumbe ukapanda ripita, ukadakwa na opereta mmoja upande wa mashariki wa milima, mzee mstaafu, Mmarekani asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Jioni yeye ndiye aliyeuleta kwenye neti (kikao cha maopereta hewani) ya mita 80, masafa ya mbali, niliyokuwa nimeshiriki. Mawimbi yalikuwa mabovu, kelele za radi tupu. Alisoma kila neno, halafu akalitaja herufi moja moja kwa maneno ya redio, kama MUSIKUYE: Mike, Uniform, Sierra, India, Kilo, Uniform, Yankee, Echo. Nikamwomba arudie neno la kumi, akalirudia lote kwa mwendo uleule, bila kuonyesha kuchoka. Katika Kiingereza opereta akipotewa na herufi anaweza kuijazia kwa maana ya sentensi. Huyu hakuwa na maana ya kushika, alikuwa na herufi tu, na zote zilifika. Nilipothibitisha maneno 12 akaniaga, akaendelea na ujumbe wa mtu mwingine.

Nikampigia mama simu nikamsomea. Akaniambia nirudie pale pa "musikuye", yaani msije, kwa sababu wanawe wengine walikuwa wameshapakia maji na mafuta kwenye gari, waondoke alfajiri kumfuata ndugu yao. Hawakuondoka.

Sasa angalia pongezi zinavyokwenda. Jirani wa Spruce Pine ameandikwa gazetini, na anastahili kabisa. Mimi niliyepiga simu, familia ile ilinikaribisha kwao, nikala bugali na sombe, nikaombewa dua. Yule mzee wa katikati hakuna aliyempa hata asante. Chini ya fomu ya radiogramu kuna sehemu mbili, umepokea kutoka kituo gani na umekipa kituo gani, pamoja na saa na tarehe. Kwa hiyo kolisaini yake, yaani jina la kituo chake hewani, imo kwenye fomu yangu na kwenye fomu ya jirani. Lakini fomu hizo zinakaa kwenye droo zetu, hakuna anayezisoma.

Wanachama wengi wanasema tufuate utaratibu uliopo wa ARRL, chama cha wanaridhaa wa Marekani. Kuna Brass Pounders League: ukifikisha pointi 500 za ujumbe kwa mwezi mmoja, au 100 za kuanzisha na kufikisha peke yake, unaingia kwenye orodha na kupata cheti. Kuna pia Public Service Honor Roll, unatakiwa pointi 70 kwa mwezi, na kushiriki neti kunakupa pointi. Naiheshimu mipango hiyo. Mtu anayebeba salamu za siku ya kuzaliwa kila jioni mwaka mzima ndiye anayekuwa tayari siku ya maafa, maana mkono wake umezoea fomu. Ila hesabu ya wingi haioni wiki ile. Mzee wangu huyu alibeba ujumbe mchache tu wiki nzima, kila mmoja ukimchukua muda mrefu. Kwa pointi hafiki popote.

Mwanachama mmoja alipendekeza tuchange fedha tuwagawie. Hilo nimelikataa. Tafsiri ya redio ya ridhaa kimataifa ni kazi isiyo na maslahi ya fedha, na sheria za hapa zinakataza kulipwa kwa kupeleka ujumbe. Tukianza bahasha tumeharibu kitu.

Swali langu ni hili: ninyi mngemtambuaje mtu wa katikati? Na mngewapataje wengine kama yeye, ambao hata majina yao hatuyajui?

Waweru wa 40m

Habari ndugu. Nakuandikia kutoka Nairobi, mimi pia mwanaridhaa.

Huku kwetu hatuna neti za kupeleka salamu za raia kila siku kama nyinyi. Kanuni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinasema ujumbe wa mtu wa tatu kutoka nchi moja hadi nyingine unaruhusiwa wakati wa dharura na uokoaji tu, isipokuwa nchi zenyewe ziamue tofauti. Marekani ina makubaliano na nchi kadhaa, na ndani ya nchi yenu mko huru. Kwa hiyo pointi siwezi kukushauri.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wanalisahau. Wengi wa waliokaa kwenye redio wiki ile wana mabosi. Kuna aliyeomba ruhusa ikakatwa kwenye likizo yake, kuna aliyekuja kazini macho mekundu. Andikeni barua kwa mwajiri, kwa karatasi yenye nembo ya klabu, mkitaja tarehe na kazi aliyofanya. Nimewahi kuandikiwa barua ya namna hiyo baada ya shughuli moja ya kujitolea. Meneja wangu aliibandika ofisini, na safari iliyofuata sikuhitaji kueleza sana nilipoomba ruhusa. Ngao ya mbao ingekaa nyumbani kwangu nikiitazama peke yangu.

Kwa mstaafu, andikia kanisa lake au wajukuu zake. Mtafute anayemheshimu, umwandikie huyo.

Mvita

Ndugu yangu wa Greensboro, mimi ni wa Mombasa, niko Columbus, Ohio. Nimekuwa kwenye National Traffic System, mtandao wa ARRL wa kupokezana ujumbe, miaka mingi, kwa hiyo hili la kuwapata nitalijibu mimi.

Kwanza historia, kwa sababu itakusaidia kwenye kikao. Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim alikuwa Hartford, Connecticut, anataka kufikisha ujumbe Springfield, Massachusetts, umbali wa kama kilomita 40. Kituo chake kilikuwa na nguvu lakini usiku ule hakikufika. Akamkumbuka mwanaridhaa aliyekuwa Windsor Locks, katikati ya njia, akamwomba aupokee na kuusogeza. Kutokana na jambo hilo akaja na wazo la kuanzisha ARRL, na neno "Relay" lililomo kwenye jina lake linatoka huko. Kila mwenye leseni Marekani anamjua Maxim. Simama kwenye kikao uulize nani alikuwa Windsor Locks, uone wangapi watanyoosha mkono. Chama kizima kimetokana na mtu wa katikati.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye kichwa cha radiogramu, baada ya kipaumbele, kuna nafasi ya maelekezo ya ubebaji. Wengi wanaijua HXG, usipoteze stempu wala simu ya kulipia. HXC inamtaka aliyefikisha arudishe tarehe na saa kwa kituo cha mwanzo. Iliyo muhimu kwako ni HXD. Hiyo inamtaka kila kituo kilichoshika ujumbe kirudishe taarifa: nimepokea kwa nani, saa ngapi, nimempa nani, saa ngapi. Ukituma ujumbe wenye HXD, mlolongo wote unakurudia na kolisaini zake.

Usiiweke kwenye ujumbe wa maafa, tafadhali. Inazalisha taarifa nyingi na neti itaziba. Iweke kwenye zoezi la Oktoba, lile jaribio la dharura la kila mwaka. Tumeni radiogramu kadhaa kutoka milimani kuelekea pembe tofauti za jimbo, zote HXD. Taarifa zikirudi mtaona kolisaini fulani inajitokeza tena na tena katikati, kwa watu ambao hawajawahi kuja kwenye mkutano wenu hata mmoja. Hao ndio unaowatafuta.

Kwa Helene yenyewe hakuna njia ya mkato. Omba kila mwanachama afungue droo alete fomu zake, mkae meza moja mzipange kwa namba ya ujumbe na kituo kilichoanzisha. Ni kazi ya Jumamosi nzima, labda mbili. Ila utapata majina.

Na hilo la kumsomea mtu herufi za lugha asiyoijua, kwenye mita 80 yenye radi, nimelisoma mara mbili. Mpe huyo mzee heshima yangu.

Mzee wa Redio Koli

Marahaba mwanangu.

Mimi niko Tabora. Sikuwa mwanaridhaa, nilikuwa mwuguzi katika hospitali ya misheni na redio koli, redio ya kuitana ya hospitali, ilikuwa chini yangu. Tulikuwa na zamu asubuhi kuongea na Madaktari Warukao wa Amref, kituo chao Nairobi, uwanja wa Wilson. Simu hazikuwapo. Mgonjwa akizidi, redio ndiyo ilikuwa njia ya kumwita daktari au ndege.

Kulikuwa na asubuhi Nairobi hawatusikii kabisa, tunawaita mpaka sauti inakauka. Hapo anaingia sista mmoja wa misheni nyingine, upande wa ziwa, anasema "nimewapata, nitawapelekea". Anachukua joto la mgonjwa, mapigo ya moyo, dawa tulizompa, anayasoma Nairobi, anarudi na maelekezo ya daktari. Miaka na miaka. Sura yake hatukuijua.

Daktari wetu alipokwenda likizo alizunguka kwa gari mpaka kwa yule sista, akampelekea asali ya huku kwetu na betri mpya ya redio. Betri ile ilinunuliwa kwa uamuzi wa kamati ya hospitali. Sista alimwambia daktari kwamba betri yake ya zamani ilikuwa haimalizi asubuhi, alikuwa anazima taa za nyumba ili sisi tupate kusikika. Hatukulijua hilo mpaka mtu alipokwenda kwake.

Kwa hiyo nendeni. Msimwite kwenye hafla mjini kumsomea risala. Mzee wa namna hiyo atakaa kiti cha nyuma na kuondoka mapema. Nendeni nyumbani kwake, mkaone anaketi wapi, antena yake imefungwa na nini, betri yake ina umri gani. Anachohitaji kituo chake, klabu ikinunue. Na aende mtu aliyepokea ujumbe, si mwenyekiti peke yake.

Mwanaridhaa wa Greensboro

Shikamoo tena mzee, na asanteni sana wote.

Mzee, nimempigia yule opereta leo asubuhi baada ya kukusoma. Nikamwuliza kuhusu betri. Akasema wiki ile umeme kwake ulikatika pia, alikuwa anatumia betri ya trekta la kukatia majani, anaitoa na kuirudisha. Hakuwahi kumwambia mtu. Nimeliandika kama pendekezo la kwanza: betri ya lithiamu ya saa za ampea 100 na chaja yake, zikabidhiwe nyumbani kwake.

Waweru, barua nazichukua. Tuna wanachama wawili walimu na mmoja dereva wa malori, nitaanza na hao. Mvita, fomu nimeshaomba ziletwe, na HXD nitaipeleka kwa msimamizi wa neti ili iingie kwenye zoezi la Oktoba. Nina wasiwasi atasema ni mzigo, nitamwomba radiogramu tano tu.

Cheti cha pointi kibaki kwa wanaokistahili, siendi kukipinga.

Kuhusu nani aende: nimeongea na yule mama wa Kongo. Amekubali, anataka kwenda na mwanawe aliyetuma ujumbe, na anataka kusema maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili cha kwao, Uvira. Mimi nitakuwa mkalimani. Naelewa sehemu kubwa, lakini akiongea haraka kuna maneno yananipita, na siku hiyo sitaki kumpunguzia hata moja. Yupo mtu wa Kivu hapa anayeweza kukaa nami kwa simu, mama aseme, tuandike tafsiri mapema?

Uvira Kwetu

Niko hapa, kaka. Niko Dayton, Jumapili jioni nina nafasi. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha, na umuulize mama ni wa kata gani, inawezekana namufahamu.