Lushoto, Rungwe au Pemba: tukaendeshe baiskeli wapi likizo hii?

Msafiri_Ubungo
Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mke wangu tumekubaliana kuitumia likizo ijayo kwa kuendesha baiskeli humu humu nchini. Baada ya kuuliza huku na huku tumebakiwa na maeneo matatu: Lushoto, Rungwe kuteremkia Ziwa Nyasa, na Pemba. Tunatafuta mandhari ya kupendeza, barabara zisizo na magari mengi, na mahali pa kulala pasipotuumiza mfukoni. Waliowahi kufika naomba mnilinganishie, maana tiketi za basi tunapaswa kuzikata kabla ya mwisho wa wiki ijayo.

FundiGia
Ndugu Msafiri, swali lako ni zuri, lakini umetunyima mambo ambayo bila hayo hakuna anayeweza kukushauri kwa haki. Mnakwenda mwezi gani, na kwa siku ngapi? Baiskeli zenu zina gia ngapi na breki za aina gani? Je, shemeji amewahi kupanda mlima akiwa na mzigo kwenye keria, au amezoea tambarare tu? Barabara ya udongo inayopitika vizuri Februari inaweza kukulaza njiani Aprili, masika yakiwa yamekolea.

BintiWaSoni
Wakati tunasubiri majibu yake, niseme kwamba mimi nimezaliwa Soni na kwangu hakuna pa kulinganisha na Usambara, milima iliko Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, na katika mwendo huo unapanda karibu mita 1,000, joto la mashamba ya katani likibaki chini yako na hewa ikibadilika kila unapokata kona. Ukishafika juu, tembelea Irente, usimame kwenye mwamba ambako chini unaiona nyika yote ya Mombo, kisha uingie msitu wa Magamba asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda na mbega wakirukaruka juu ya barabara. Mwenye nguvu aendelee hadi Mtae, kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima kabisa, ambako jioni unaitazama nyika ya Mkomazi ikibadilika rangi. Vyumba vya bei nafuu vipo, na chakula ni kingi: viazi, karoti na maharage yanayotoka shambani siku hiyo hiyo.

Mnyakyusa_Halisi
Dada yangu wa Soni ameipamba kwao vizuri, lakini ukijani wa Rungwe lazima uuone mwenyewe. Ukitoka Uyole unapanda kwanza, kisha unaanza kuteremka kuelekea Tukuyu, migomba na mashamba ya chai yakikuandama pande zote, na Mlima Rungwe wenye takriban mita 2,960 ukiwa ubavuni mwako. Njiani unaweza kukata kwenda Ziwa Ngosi, ambalo liko ndani ya kreta na hufikiwa kwa miguu, au kwenda kuliona Daraja la Mungu katika Mto Kiwira. Kutoka Tukuyu hadi ziwani unashuka zaidi ya mita 1,000 na kuingia katika nchi nyingine kabisa, yenye joto, mpunga na kakao. Safari inaishia Matema, mchangani, Milima ya Livingstone ikizamia majini, na hapo mtapata vyungu vya Wakisi, ambavyo kwa bahati mbaya havibebeki kwenye keria. Nikiri jambo moja: barabara kuu ndiyo iendayo Malawi, kwa hiyo malori yapo.

Mzee_Korogwe
Wanangu, mimi sina ugomvi na mandhari ya mahali popote, ila nimeona mnazungumza sana juu ya kupanda na hakuna aliyegusa kuteremka, na huko ndiko nilikoumia. Nilitoka Lushoto asubuhi na baiskeli ya mtumba yenye breki za kubana rimu, nyuma nimefunga mzigo wa kama kilo 15. Hadi Soni sikuona tatizo lolote. Kutoka hapo kona ni kali na upande mmoja ni korongo, nami kwa woga nikawa nimezishikilia breki zote mbili bila kuziachia kwa dakika nyingi mfululizo. Nilisikia harufu ya mpira unaoungua nikadhani inatoka kwenye basi lililonipita. Ghafla kukatoka mlio mkubwa, na bado nikadhani ni lori limepasua tairi, mpaka nilipoona usukani umenitoka mikononi: tyubu ya mbele ilikuwa imepasuka kwa joto la rimu. Mungu alinijalia nikaangukia upande wa mlima. Kiwiko kilichubuka hadi nyama ikaonekana, na nilipojaribu kulichomoa gurudumu, ngozi ya kidole gumba ilibaki kwenye rimu. Nilikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja kabla ya kupata pikipiki ya kunifikisha Mombo. Atakayekwenda huko asiing'ang'anie breki muda wote. Abane kwa nguvu kabla ya kona, aachie panaponyooka, na kila baada ya kilomita chache asimame rimu zipoe.

FundiGia
Pole sana mzee wangu. Ndiyo maana mimi huwashauri watu wafunge breki za diski, zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu badala ya rimu, kwa sababu joto halifiki kwenye tyubu.

Mnyakyusa_Halisi
Fundi, hapo sikubaliani nawe. Pedi za diski zikiisha ukiwa Ipinda, nani atakuuzia? Mipira ya breki za kawaida utaipata kwa fundi yeyote aliyekaa chini ya mwembe.

FundiGia
Pedi zenyewe zinaenea mfukoni mwa shati, kwa hiyo msafiri anabeba zake. Tatizo kubwa zaidi ni kuifikisha baiskeli huko ikiwa nzima. Mwaka juzi nilipanda basi moja la kwenda mikoani, nikalipia mzigo na kumsihi kondakta aisimamishe baiskeli, lakini tulipofika niliikuta imelazwa chini ya magunia ya viazi, mkono wa gia ya nyuma umepinda hadi unagusa njiti. Tangu hapo navua magurudumu, nafunga kila kitu kwa maboksi, na buti likifunguliwa napakia mwenyewe. Wa Rungwe waulizie pia treni ya abiria ya TAZARA kama inasafiri wiki hiyo.

Msafiri_Ubungo
Nawashukuru wote, na pole Mzee wetu. Naomba radhi kwa kuacha maelezo muhimu. Tunakwenda wiki ya pili ya Julai, kwa siku 9 pamoja na za njiani. Baiskeli zote mbili ni za mtumba, gia 21, breki za rimu. Mke wangu huendesha Kigamboni kila Jumapili, lakini mlima hajawahi kuupanda.

Upepo_wa_Kusi
Kama ni hivyo, naona ajabu kwamba Pemba haijapata wa kuisemea. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 67, vilima vyake ni vifupi japo ni vingi, na magari ni machache. Julai ni msimu wa kusi, kwa hiyo shukeni Mkoani, mwelekee Chake Chake, Wete na Konde huku upepo ukiwasukuma mgongoni, mpaka msitu wa Ngezi. Mkiangukia mavuno, mtapita karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na harufu yake itawafuata kutwa nzima. Shemeji avae nguo za kufunika mabega na magoti, nawe vivyo hivyo, mtapokelewa kwa heshima.

BintiWaSoni
Kaka, siku 9 zinatosha kuunganisha. Anzeni Lushoto siku nne, mkiwa na masweta kwa sababu Julai ni baridi kweli, kisha mteremke hadi Mombo, mchukue basi la Tanga na kuulizia bandarini ratiba ya boti za Pemba.

Mnyakyusa_Halisi
Siku mbili mtazipoteza kwa mabasi na boti. Rungwe Julai hakuna mvua nyingi, mtapanda polepole na kumalizia ziwani.

Msafiri_Ubungo
Nimemsomea mke wangu majibu yote. Aliposikia kisa cha Mzee ameegemea Pemba, nami bado moyo wangu uko Mtae. Mzee Korogwe, mtu akipanda kwa baiskeli hadi Lushoto kisha akashuka nayo kwenye basi, je, mabasi ya huko hupokea baiskeli mbili kwa pamoja?

Mzee_Korogwe
Hupokea, mwanangu, zikiwekwa juu ya keria ya basi. Nendeni na kamba zenu.