Nikisema "tuongee", mume wangu anatafuta viatu. Mwanaume wa hivi unamwingiaje?

MamaPacha

Habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, leo nimeona niandike. Naomba ushauri wa maana. Wale wa "achana naye" na wale wa "vumilia, ndiyo ndoa" nawaomba mpumzike kidogo, hayo nimeshayasikia kwa ndugu wa pande zote mbili.

Mume wangu si mlevi, hanipigi, na kama ana mchepuko basi anaupatia wapi muda. Watoto anawapenda nao wanampenda. Sote tumeajiriwa, tunatoka alfajiri, tunarudi jioni tumechoka. Tofauti inaanza tukishavuka mlango: yeye siku yake imeisha, mimi naanza zamu ya pili. Tena msinielewe vibaya. Nikimwambia fua, anafua. Nikimwambia waogeshe watoto, anawaogesha, na kwa kweli ananishinda. Kinachonichosha ni huko kumwambia. Mimi ndiye ninayejua kwamba viatu vya pacha mmoja vimeanza kumbana, kwamba chanjo ya mdogo wao imekaribia, kwamba kikao cha wazazi ni Ijumaa na mmoja wetu lazima aombe ruhusa kazini, kwamba mama mkwe hajapigiwa simu wiki nzima. Mama yake mzazi! Simu napiga mimi, nikishamsalimia ndiyo nampa yeye aongee.

Juzi nimekaa nakunja nguo, nikamwambia kwa upole kabisa, "Baba Pacha, naomba tuongee kidogo habari za hapa nyumbani." Hakunijibu. Akainama, akavuta kiatu kimoja chini ya kochi, akatafuta cha pili, akavaa kamba hazijafungwa. "Tumeanza tena," akatoka. Amerudi watoto wamelala, akanisalimia vizuri tu kana kwamba hakuna kilichotokea. Asubuhi ananiuliza kama shati lake la bluu limepigwa pasi.

Sasa naomba kujua: ndivyo wanaume walivyoumbwa, au mimi ndiye niliyeolewa na bingwa wao?

---

Mzee wa Kibarazani

Binti yangu, mwanaume akirudi nyumbani anataka utulivu. Mpokee vizuri, mwache apumzike, mambo ya kuongea yatakuja yenyewe. Wanawake wa siku hizi mnageuza sebule kuwa mahakama, halafu mnashangaa mshtakiwa akitoroka.

---

MamaPacha

Mzee shikamoo. Na mimi nimetoka kazini saa ileile. Nipokewe na nani?

---

Kimya Kingi

Dada, mimi ni wa chama kimoja na mumeo, kile cha viatu. Ngoja nikwambie kinachotokea huku ndani, maana mke wangu miaka yote alidhani ni dharau.

Sauti yake ikipanda kidogo tu, moyo unaanza kunienda mbio, masikio yanapata moto, maneno yanakata. Nasikia kelele, hoja siisikii. Kuna mtafiti wa Marekani, John Gottman, yeye na mwenzake Robert Levenson walikuwa wanawaita wanandoa maabara, wanawafunga vipimo vya mapigo ya moyo, kisha wanawaambia zungumzeni jambo mnalogombania. Gottman anasema mapigo yakishapita 100 hivi kwa dakika, na mtu amekaa tu kwenye kiti, hapo kusikiliza kumekwisha. Ushauri wake ni mpumzike walau dakika 20, kwa sababu mwili unachelewa kutulia hata kama mwenyewe unajiona umetulia. Tena aliona kwamba wanaojifungia namna hiyo wengi ni wanaume, kama asilimia 85.

Ila kupumzika siyo kutoroka. Kwetu sheria ni kwamba anayeondoka ndiye anayetaja saa ya kurudi kwenye mada. "Baadaye" haikubaliki. Unasema saa tatu, saa tatu uko kwenye kiti, na usipokuwepo mwenzio ana ruhusa ya kukufuata popote ulipo. Na muda ule usiutumie kumjengea kesi kichwani, utarudi na moto uleule. Mimi huwa nafua soksi. Usicheke, zinasaidia.

Lingine ni namna ya kuanza. Mwaka 1999 Gottman na Sybil Carrère walitoa utafiti wa wanandoa wachanga: dakika 3 za kwanza za mabishano zilitosha kubashiri ni ndoa zipi zitavunjika mbele ya safari. Wewe umesema ulianza kwa upole, na ninakuamini. Ila "habari za hapa nyumbani" kwa mtu kama mimi haina pa kushika: sijui kosa ni lipi wala kikao kinaisha saa ngapi. Niambie, "Kikao cha Ijumaa nenda wewe." Hapo tunaelewana.

---

Shangazi Mtulivu

Kimya Kingi, umeandika vizuri, na hiyo ya saa ya kurudi nimeipenda. Lakini hiyo asilimia 85 usituletee kama ndiyo maumbile.

Nimesuluhisha ndoa nyingi za ndugu na majirani, na nimewaona wanaume wasemaji wakubwa, wanaomzonga mke kutoka chumba hadi chumba, mradi tu mada ni ya kwao. Hata watafiti waliliona. Andrew Christensen na Christopher Heavey, mwaka 1990, waliwapa wanandoa mada mbili: moja ni jambo ambalo mke anataka mume abadilike, nyingine ni jambo ambalo mume anataka mke abadilike. Ni kweli kwa jumla wanaume ndio waliorudi nyuma zaidi, ingawa wanawake hawakuwazidi kwa kudai. Lakini wote, wake kwa waume, walikuwa wanadai zaidi kwenye mabadiliko wanayoyataka wenyewe, na wanarudi nyuma kwenye yale anayoyataka mwenzao.

Sasa tazameni nyumba za watu. Nani anataka utaratibu ubadilike? Aliyebeba mzigo. Nani hana haraka ya kikao? Aliyekaa vizuri. Akinyamaza, mambo yanabaki yalivyo, na yalivyo yanamfaa. Moyo unaweza kumdunda kweli, sikatai, lakini mbona bosi wake akimwita kumsema havai viatu akaondoka?

MamaPacha, nikuulize. Hakuna jambo ambalo yeye ndiye anakutafuta mliongee, na wewe ndiye unakwepa?

---

Kapera Mzoefu

Nilikuwa nimepanga kuchumbia mwaka huu. Ngoja nisome kwanza uzi uishe.

---

MamaPacha

Shangazi, lipo. Anataka tukope tujenge. Kwa hilo hakimbii hata kidogo, ananifuata hadi mlango wa bafu, simu mkononi, anapiga hesabu za riba kwa sauti. Mimi ndiye ninayesema "tutaona".

Lakini tusiweke mizani sawa hapo, nakataa. Mkopo ukisubiri mwezi, tunaendelea kupanga kama kawaida, hakuna aliyeumia. Yeye akikwepa mada yangu, ile kazi haisubiri, inafanyika usiku uleule na anayeifanya ni mimi. Yaani "tutaona" yangu inamnyima ndoto, "tumeanza tena" yake inaninyima usingizi.

Na Kimya Kingi, nimekuelewa kuhusu kutaja jambo moja. Ila nikitaja moja moja, si ndiyo nimerudi kulekule kwa kutoa maagizo? "Kikao nenda wewe" maana yake mimi ndiye niliyekikumbuka kikao.

---

Shangazi Mtulivu

Hapo kwenye maagizo ndipo penyewe, mwanangu, na wengi hawapaoni. Mwaka 2019 mwanasosholojia Allison Daminger aliwahoji wanandoa akaigawa hii kazi ya kichwani mafungu manne: kuona mapema kitakachohitajika, kutafuta njia zilizopo, kuamua, na kufuatilia kama limefanyika. Kwenye kuamua, mke na mume hawakupishana sana. Mwanzo na mwisho ndiko wanawake walikolemewa zaidi. Baba Pacha anaingia katikati: ukimwuliza anaamua, ukimtuma anatenda. Kwa hiyo kila mtu akimtazama anamwona anasaidia, na wewe unaonekana mlalamishi.

Usimgawie kazi, mgawie eneo zima, kichwa hadi mkia. Shule iwe yake. Siyo "nenda kikao", ni shule yote: viatu, madaftari, ujumbe wa mwalimu, kikao, ruhusa ya kazini. Nenda shuleni namba ya kupigiwa iandikwe ya kwake. Kisha, na hapa ndipo wanawake wengi tunashindwa, akisahau usimwokoe. Usimkumbushe, usiweke daftari mlangoni kimyakimya, usiulize "umeona ujumbe wa mwalimu?" Akinunua viatu vya rangi ambayo wewe usingeichagua, watoto watavaa hivyohivyo.

Na mkopo mpe siku. Ukimpa siku kwenye lake, huna deni la kudaiwa ukiomba siku kwenye lako.

---

Mzee wa Kibarazani

Na watoto ndio watakaoumia kwenye hayo majaribio yenu.

---

Shangazi Mtulivu

Ndiyo maana sijataja chanjo, mzee mwenzangu. Afya ibaki kwa anayeifuatilia vizuri, mpaka huyu mwingine azoee. Madaftari yakisahaulika siku moja hakuna atakayelazwa.

---

Kimya Kingi

Nyongeza kwa upande wetu. Akishapewa eneo, usimkague. Mimi mke wangu alinipa nguo zote za nyumba, halafu akawa anakuja kuzikunja upya. Nikimwuliza, anasema "nanyoosha tu". Nikaacha kukunja. Tulilimaliza pale alipokubali kutofungua kabati mbele yangu.

---

MamaPacha

Nimerudi na mrejesho. Sikuita kikao. Tulikuwa tunatandika kitanda, nikamwambia, "Baba Pacha, shule ya watoto nakuachia wewe yote, hata simu za mwalimu. Mimi nabaki na hospitali. Na mkopo tukae nao Jumamosi asubuhi, njoo na hesabu zako." Nikanyamaza. Nikamwona anasubiri muendelezo. Haukuja.

Akauliza, "Kikao ni saa ngapi?" Nikamwambia shule ina namba ya simu. Alikunja uso, lakini shuka akaendelea kuivuta upande wake. Kesho yake akapiga. Namba nayo imeshabadilishwa.

Tulipokwama ni kwa mama yake. Nilisema kumpigia nako kuwe juu yake, akakataa katakata, anadai mama mwenyewe anapenda kuongea na mimi. Na hapo sina la kujibu, maana ni kweli, tunaongea hadi salio linaisha, nami nampenda. Nikiacha kupiga, najua hatapiga, na bibi wa watu atadhani nimemnunia. Wenye mama wakwe wazuri, hilo mlilifanyaje?