Guzzi 850 T3: vipande vya kromu kwenye oili

Swali
Wakuu, pikipiki yangu Moto Guzzi 850 T3 ya 1977 ilisimama miaka mingi. Nimemwaga oili nikakuta vipande vyembamba vinang'aa, sumaku haivishiki. Nichonge silinda niweke pistoni za ovasaizi (kubwa kuliko za mwanzo)?

Jibu 1
Usichonge mkuu! Silinda hizo ni aluminiamu iliyopakwa kromu; ukichonga, kromu yote imeondoka. Unyevu hupenya chini yake, aluminiamu inalika, kromu inabanduka. Usiiwashe tena. Fungua hedi, pitisha ukucha kwenye ukuta wa ndani wa silinda: ukikwama kwenye doa la kijivu, silinda imekwisha. Tafuta seti ya silinda na pistoni za 83 mm zenye Nikasil (mpako wa nikeli na silikoni kabaidi badala ya kromu), kampuni ya Gilardoni wanatengeneza. Ghali, ila unasahau tatizo.

Jibu 2
Silinda ni nusu ya kazi. Kromu hukwaruza beringi za konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti) na pampu ya oili, kwa hiyo kagua zote mbili. Shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini): filta ya T3 imejificha humo ndani, na chujio la waya lioshwe. Kisha weka lita 3 za oili ya 20W-50, uimwage mapema baada ya kilomita 500.

Muulizaji
Naweza kuchanganya pistoni na silinda za seti tofauti?

Jibu 1
Hapana, angalia herufi za daraja la saizi, A, B au C. Ya pistoni na ya silinda yake zifanane.