Mrejesho: kukata na kukazia maneno ambatani ya Kiholanzi

Wadau, niliuliza neno ambatani refu la Kiholanzi, yaani lililoundwa kwa maneno mawili au zaidi, likifika mwisho wa mstari likatwe wapi, na mkazo ukae wapi. Dawa ni kutafuta kwanza kiungo, yaani pale maneno yanapoungana, ndipo ukate silabi ndani ya kila kipande. Avondeten, chakula cha jioni, ni avond-eten, si avon-deten. Hata d yake hutamkwa t kwa sababu inafunga kipande. Programu za kuandikia hukosea kwenye kwartslagen: ni kwart-slagen, robo mizunguko, au kwarts-lagen, matabaka ya madini ya kwatsi? Hapo weka mwenyewe kistari cha hiari, kinachoonekana tu neno likikatwa hapo. Kwenye Word ni Ctrl na kistari.

Mkazo kwa kawaida huangukia kipande cha kwanza: HUISdeur, mlango wa nyumba. Ila stadHUIS, jumba la manispaa, na boerenKOOL, ile sukumawiki yao, kariri tu.