Kwetu ni mdogo wake, kwa sheria ya India ni nani? Dosye ya mtoaji wa figo kutoka Lubumbashi

Sosiali_Katuba

Jambo yenu wote. Natafuta majibu ya watu wanaojua dosye (faili) za kupandikizwa figo India.

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 44, anaishi Katuba, anafanya dializi mara mbili kwa wiki. Kundi lake la damu ni O. Watoto wake wote hawajafikisha miaka 18, mke wake ni B. Aliyejitolea ni mtoto wa mama mdogo wake, mwanaume wa miaka 36, naye ni O. Komini imeshatoa attestation (karatasi ya uthibitisho) inayosema ni "frère", yaani kaka, maana nyumbani huyo ni mdogo wake na hakuna anayemwita kwa jina lingine. Hospitali moja ya Delhi imejibu kwa barua: inataka karatasi za undugu, na Fomu 21 kutoka ubalozi.

Je, hiyo attestation inatosha? Fomu 21 inajazwa na nani, hapa au kule? Na vipimo gani vifanyike Lubumbashi kabla familia haijauza kitu kwa ajili ya tikiti?

Dosye_Kampemba

Jambo Maman. Kwanza shika hiyo attestation, isitoke Lubumbashi.

Sheria ya India ya kupandikiza viungo ni ya 1994, ikarekebishwa 2011, na kanuni zake ni za 2014. "Jamaa wa karibu" kwao ni orodha iliyofungwa: mume au mke, mtoto, baba, mama, kaka, dada, babu, bibi, mjukuu. Hapo imeisha. Mjomba hayumo, shangazi hayumo. Mama mdogo, ambaye kwetu ni mama kabisa, hayumo, wala watoto wake. Komini haikudanganya kwa lugha ya nyumbani, lakini karatasi ikifika Delhi inasomwa kwa lugha ya orodha ile, na hapo "frère" ni aliyezaliwa na wazazi wale wale. Wakiulizwa jina la mama, kila mmoja atataja lake, na dosye inaanguka hapo hapo. Kamati ya Idhini, inayoamua kule kama figo itolewe, ikishaona karatasi moja ina uongo, haiamini zilizobaki. Kumbuka mahojiano yote yanarekodiwa kwa video.

Tena uongo wenyewe hauna faida kubwa. Mhindi anayempa kaka yake anaweza kupitishwa na hospitali peke yake, lakini mgeni, hata akiwa kaka wa tumbo moja, ni lazima apite mbele ya Kamati ya Idhini. Kamati hiyo mtaiona tu. Hospitali inayofanya upandikizaji 25 au zaidi kwa mwaka huwa na kamati yake ndani; ndogo hupeleka kesi kwa kamati ya wilaya au ya jimbo.

Njia ya mtoto wa mama mdogo ipo: mtoaji asiye jamaa wa karibu anayetoa kwa upendo au ukaribu. Anajaza Fomu 3 (jamaa wa karibu ndiye wa Fomu 1, mume au mke Fomu 2). Kamati itataka kujua wanafahamianaje, kwa nini anatoa, kama kuna mtu wa katikati anayekula pesa, na itamwita mtu wa familia ya mtoaji ithibitishe kwamba nyumbani wanajua. Itataka ushahidi wa maisha ya pamoja, picha za zamani zikiwemo, na ushahidi wa kazi na mapato ya miaka mitatu iliyopita, ya wote wawili. Hapo ndipo dosye za kwetu hukwama: mgonjwa ana mshahara wa kampuni ya migodi, mtoaji ni creuseur (mchimbaji mdogo wa madini) asiye na karatasi hata moja. Tofauti kubwa ya mapato peke yake inazaa swali la pesa, basi mlijibu kabla hamjaulizwa.

Fomu 21 inasainiwa na afisa mwandamizi wa ubalozi wa nchi yenu kule India, yaani ubalozi wa Congo (RDC) New Delhi. Yeye anathibitisha undugu kwa kutegemea karatasi mnazompelekea. Kwa hiyo usiitafute Lubumbashi. Tafuta karatasi zitakazomfanya asaini kitu cha kweli.

Kabla ya hayo yote, iandikie hospitali waziwazi: mtoaji ni mtoto wa dada ya mama wa mgonjwa, je mnapokea kesi ya namna hiyo? Sheria kuruhusu ni jambo moja, hospitali kukubali kuibeba ni jingine. Na yule anayesema kule mtanunua figo ya Mhindi, mfukuze. Kamati imekatazwa kabisa kumruhusu Mhindi ampe mgeni asiye jamaa yake wa karibu.

Mimi ningetafuta pia kaka na dada wa kweli kabla ya kuendelea na huyu. Wapo? Na kama mtabaki na huyu, msijaribu "ukaka": kipimo cha HLA, cha alama za kinga ambazo mtu anarithi kwa wazazi, kitawaumbua.

labo_belair

Papa Dosye, hapo mwisho nikusahihishe. HLA peke yake haiumbui mtu. Kila mtoto anapokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo kwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, nafasi ni 1 kati ya 4 wafanane kote, 2 kati ya 4 wafanane nusu, na 1 kati ya 4 wasifanane kabisa. Kaka wa kweli anaweza kutoka kwenye karatasi kama mgeni. Wasiokwepa ni mzazi na mtoto tu. Hao lazima washirikiane nusu. Kinachofunga mjadala ni ADN (DNA), na kamati ina haki ya kuiagiza karatasi zisipotosha. Nasema hivi kwa sababu familia zilizosema kweli nazo huogopa wakiona HLA haifanani.

Maman Sosiali, kwa vipimo anza na vya bei ndogo, usimame pale kimoja kinapokataa. Kundi la damu la mtoaji, mara mbili, kwa sampuli mbili za siku tofauti (mirija kubadilishana majina ni kosa la kila labo). Mkojo kwa kijiti: protini na damu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, kreatinini, shinikizo la damu siku tatu tofauti. VVU, hepatiti B na C, kaswende. Mkojo utafutwe pia mayai ya kichocho, maana kwetu kipo na kinaharibu njia za mkojo bila kelele. Elektroforezi ya hemoglobini: mwenye SS (selimundu) hatoi figo, mwenye AS (anayebeba nusu tu) anapimwa kwa makini zaidi. Halafu ekografi (ultrasaundi) ya figo zote mbili. Kuna watu wazima wanaotembea na figo moja tangu kuzaliwa na hawajui. Afadhali kujua Lubumbashi kuliko Delhi.

Kipimo msichoweza kumaliza hapa ni krosmachi, yaani seramu ya mgonjwa kukutanishwa na chembe nyeupe za mtoaji. Chembe hizo lazima ziwe hai, na bomba la damu likikaa njiani siku tatu zinakuwa zimekufa. Kifanyike kule. Je, mgonjwa amewahi kutiwa damu?

Halafu mke msimtupe haraka. B kwenda O haipiti moja kwa moja, kweli, lakini zipo hospitali za India zinazoondoa kwanza kingamwili dhidi ya B, kisha wanapandikiza. Gharama inapanda na hatari ya maambukizi pia, na inategemea kiwango cha kingamwili hizo kwa mgonjwa. Ila kwa sheria yeye yumo ndani ya orodha.

Sosiali_Katuba

Asanteni sana. Majibu: kaka wa kweli mmoja, ana kisukari. Dada wawili, mmoja A, mwingine ana mimba. Damu alitiwa, poshi (mifuko) 3, mwezi uliopita.

Ugumu mwingine: mgonjwa na mtoaji hawana jina hata moja linalofanana. Mama zao pia, dada wa tumbo moja, kila mmoja ana jina lake. Mama wa mgonjwa ameshafariki. Kule watatuelewa?

Mtu_wa_Karatasi

Watawaelewa mkiwapa mnyororo wote. Kwetu mtu ana nom (jina la kwanza kuandikwa), postnom (linalofuata) na prénom (la ubatizo), na ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kushirikiana hata moja. Afisa aliyezoea jina la ukoo anatafuta jina la kufanana, asilipate, anaweka alama ya kuuliza. Jibu lake ni akti (vyeti rasmi) nne za kuzaliwa: ya mgonjwa, ya mtoaji, ya mama wa mgonjwa, ya mama wa mtoaji. Mbili za juu zinataja kila mmoja mama yake. Mbili za chini zinataja wazazi wale wale, babu na bibi. Ongeza akti ya kifo ya marehemu, na ukurasa mmoja wenye mchoro wa familia na majina kamili. Mchoro si karatasi ya sheria, lakini ndio unaosomwa kwanza.

Asiye na akti (na kwa mama wa umri huo ndiyo kawaida) anapitia tribunal de paix (mahakama ya amani) kwa jugement supplétif, hukumu inayoshika nafasi ya akti, kisha hukumu inaandikwa kwenye daftari la état civil (la vizazi na vifo) la komini. Attestation de naissance si akti, msichanganye. Kwa marehemu pia ombi linaletwa na watoto wake, mashahidi wakiwa wakubwa wa familia.

Kinachoharibu zaidi ni herufi. Kyungu kwenye pasipoti, Kiungu kwenye akti. Ilunga hapa, Ylunga pale. Postnom na nom kugeuzwa. Weka pasipoti mbili mezani na usome kila karatasi herufi kwa herufi kabla ya muhuri, kwa sababu baada ya muhuri kusahihisha ni kesi mpya. Tafsiri ya Kiingereza ifanywe na mtafsiri aliyeapa, na ifuate herufi za pasipoti. Ulizeni pia ubalozi kama unataka karatasi zipitie kwanza Mambo ya Nje Kinshasa. Mkijua hilo mkiwa Delhi mmechelewa.

Na mzaliwa wa komini ya Kenya aandikwe "Commune Kenya, Lubumbashi, RDC", kila mahali. Mkiacha "Kenya" peke yake, mtu wa Delhi atauliza kwa nini Mkenya ana pasipoti ya Congo.

Picha: za harusi, za matanga, za ubatizo, zenye watu wote wawili na wakiwa na umri tofauti. Nyuma andika mwaka na majina. Msizitengeneze kwa simu, hata kuongeza mwanga tu. Kwa mapato ya mtoaji: patente (leseni ya biashara ndogo) kama anayo, mkataba wa kupanga, taarifa za pesa za simu za miezi mingi. Creuseur aombe karatasi kwa kooperativi yake.

infirmiere_dialyse

Poshi 3 mwezi uliopita ni habari kubwa, Maman. Kila damu ya mtu mwingine inaweza kumfundisha mgonjwa kutengeneza kingamwili, na krosmachi iliyokuwa safi ikageuka chafu. Sampuli yoyote ya kabla ya damu ile sasa haina maana. Wapime upya, wiki 2 hadi 4 baada ya poshi ya mwisho. Kuanzia leo, hemoglobini ikishuka mwulizeni daktari kwanza juu ya eritropoyetini (sindano ya kuongeza damu) na chuma. Akizidiwa kweli atiwe damu, hakuna anayekataza, lakini tarehe na idadi ya poshi viandikwe ndani ya dosye.

Pesa. Kanuni za Shirika la Afya Duniani, zilizopitishwa Geneva mwaka 2010, na sheria ya India zinasema kitu kimoja: kiungo hakiuzwi, lakini mtoaji anaweza kurudishiwa gharama na mapato aliyopoteza kwa sababu ya kutoa. Tikiti, chumba, chakula, vipimo, wiki ambazo hakufanya kazi: sawa, na muweke risiti. Kiwanja, pikipiki, "tutamlipia shule watoto wake mpaka mwisho": hayo ni malipo, hata yakisemwa kwa upendo wa familia. India adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 10 na faini ya rupia milioni 2 hadi milioni 10. Mtoaji aelezwe hili akiwa peke yake, mgonjwa asiwepo, na aambiwe kwamba anaweza kubadilisha nia hata siku ya upasuaji. Mkigeukia mke, kanuni zinataka nia ya mwanamke ithibitishwe na mtu mwingine, si mpokeaji.

Homa ya manjano ndiyo watu wanaisahau. India inadai kadi kwa anayetoka kwetu. Ukiingia bila kadi halali unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kadi inaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Lakini chanjo yenyewe ni ya virusi hai: akishaanza dawa za kukinga figo mpya, haruhusiwi kuipata tena. Kwa hiyo iangaliwe sasa. Kama ana kadi ya zamani, siku hizi ni ya maisha, asichome tena. Kama hana, daktari wake wa figo aamue, na kati ya sindano na upandikizaji zipite angalau wiki 4. Hesabu hiyo iingie kwenye tarehe ya tikiti, ya mtoaji pia.

Mtoaji hulala hospitali siku chache, kisha wiki 6 bila kubeba mzigo mzito, kwa creuseur hiyo ina maana hakuna shimo. Mpokeaji abaki karibu na hospitali miezi 2 hadi 3.

Kabla ya kuondoka, ulizeni nani Lubumbashi atapima kiwango cha takrolimu (dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo) na kwa bei gani, maana dawa hiyo inamezwa kila saa 12, maisha yote, na haivumilii kubahatisha. Kuhara kwa siku tatu kunaipandisha. Flukonazoli na eritromisini zinaipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha mpaka figo ikataliwe. Mtu wa farmasi ya jirani hajui hayo, basi mgonjwa atembee na orodha mfukoni.

Dosye_Kampemba

labo_belair, nakubali juu ya HLA, asante.

Maman Sosiali, jambo moja la mwisho: kamati ikikataa, lazima itoe sababu kwa maandishi, na mna siku 30 za kukata rufaa kwa serikali tangu kupokea uamuzi. Ombeni karatasi hiyo siku hiyo hiyo. Na ile attestation ya "frère", irudisheni komini, waandike "fils de la sœur de la mère", mtoto wa dada ya mama.